Mlango wa Ghorofa ya Tatu

Tulimzika Kipng'eno Ijumaa, nyumbani kwake juu kidogo ya Silibwet, na mvua ikasubiri mpaka watu walipoanza kula ndipo ikanyesha. Viatu vyangu bado vina udongo wa kule. Nimeviacha mlangoni bila kuviosha, na si kwa sababu ya huzuni, nimechoka tu. Pale kaburini watu walisema mambo mazuri juu yake na yote yalikuwa ya kweli: kwamba hakuwahi kumuuzia mtu mbolea iliyochanganywa na mchanga, kwamba aliimba besi kanisani hata siku ambazo koo lilishaanza kumuuma. Mchungaji akauliza kama kuna mtu aliyefanya kazi naye zamani kwenye shamba la chai ambaye angependa kusema neno. Nilibaki nimekaa. Neno nililokuwa nalo lilihusu mchezo wa kompyuta, na halingeeleweka kwenye kipaza sauti, watu wakiwa wameshika miavuli. Kwa hivyo naliandika hapa. Kipng'eno aliishi na swali moja kwa zaidi ya miaka thelathini: ni kitu gani kilichokuwa kikituua mbele ya mlango wa ghorofa ya tatu? Jibu nilikuwa nalo mimi, na nilimficha. Nataka kueleza jinsi nilivyolipata, kwa nini nilinyamaza, na kama alilipata kabla hajaondoka.

Mwaka tulipoanza kuucheza mchezo huo nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa mtengeneza chai katika ofisi ya shamba moja kati ya Kericho na Sotik. Nilikuwa nimeishia darasa la nane. Mwaka mmoja kabla nilikuwa mchumaji, nikitembea kwenye mistari na kikapu mgongoni na aproni ya plastiki iliyolowa umande, mpaka mama aliyekuwa akitengeneza chai ofisini alipostaafu na karani mkuu akasema, "Leteni yule msichana Mkisii, ana mikono safi." Jikoni kwangu kulikuwa kudogo, upana wa vitanda viwili, na dirisha lililotazama chai tupu mpaka kwenye mstari wa miti ya mikaratusi. Nilikuwa na sufuria mbili kubwa, chujio moja lililoungua pembeni, na chupa tano za kuwekea chai ambazo nilizijua kwa sauti ya vifuniko vyake. Saa nne chai, saa tisa chai, na katikati mgeni yeyote aliyeingia. Mgeni hakuulizwa kama atakunywa. Aliulizwa tu kama anaweka sukari. Alikuja wakati mmoja mkaguzi mwenye vidonda vya tumbo, akanywa nusu kikombe, kisha akaniomba radhi kwa muda mrefu hadi nikaona haya mimi. Sasa hivi ninapoyaandika haya ninajaribu kukumbuka mtu aliyewahi kukataa kabisa chai yangu katika ofisi ile, na sipati hata mmoja.

Kipng'eno alikuwa mtunza stoo. Alitoka upande wa Ndanai, alikuwa amemaliza kidato cha nne, na alikuwa amesoma kompyuta kwa wiki sita mjini Kericho, jambo ambalo hakulitaja mara nyingi lakini hakulisahau. Stoo yake ilinuka mbolea, raba na chuma kilichopakwa mafuta. Nyuma ya magunia kulikuwa na chumba kingine, cha vitu ambavyo hakuna aliyetaka kuvitupa: viti vya mguu mmoja mbovu, saa ya ukutani, na kompyuta ya zamani yenye skrini ya maandishi ya kijani iliyoletwa pale baada ya ofisi kupata mpya. Meneja msaidizi mmoja aliyehamishwa alikuwa ameacha sanduku la diski juu yake. Diski karibu zote zilikuwa za mambo ya ofisi. Moja tu ilikuwa na karatasi iliyochorwa kwa kalamu mtu mwenye kofia na koti refu. Kipng'eno alimwambia karani mkuu kwamba mashine ikikaa bila kuwashwa itaoza kwa unyevu, jambo ambalo nadhani ni kweli, na karani mkuu akasema awe anaiwasha saa ya chakula cha mchana. Nilipompelekea chai siku ya kwanza nilimkuta amekaa juu ya gunia, uso wake umekuwa wa kijani.

"Moraa, njoo uone. Mimi ni jasusi."

"Wewe ni mtunza stoo. Chai hii hapa."

"Hapa mimi ni mtunza stoo. Humu ndani natafutwa na serikali mbili."

Wale waliozoea michezo ya siku hizi hawataona cha ajabu. Picha zilikuwa mistari mitupu: mstari huu ni ukuta, huu ni meza, hii miwili ni mtu. Chini yake maandishi ya Kiingereza yalieleza ulipo, nawe ukaandika unachotaka kufanya kwa maneno mawili hivi. Fungua mlango. Chukua barua. Panda ngazi. Ulikuwa mtu aliyetumwa katika mji fulani wa baridi kutoa karatasi ya siri katika chumba kimoja, ghorofa ya tatu ya jengo fulani. Ukikosea unakufa. Na mchezo haukuwa na mahali pa kuhifadhi ulipofika, au kama palikuwepo hatukupaona, kwa hivyo ukifa unaanza tena kwenye kituo cha gari moshi, na saa yote ya chakula cha mchana imekwisha. Tulikuwa na kifo kimoja kwa siku. Yeye alisoma na kunifasiria, mimi nikabonyeza, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinene na alibonyeza herufi mbili kwa pamoja, mashine ikasema haielewi. Vyangu vilikuwa vimechuma chai mwaka mzima, vikajua kwenda upesi bila mimi kuviangalia. Wiki ya pili akasema tufanye agano: hakuna kuifungua bila mwenzako. Nikasema sawa. Tukapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa uongo. Pale kituoni askari alikuuliza jina lako. Kipng'eno akanifasiria, nami nikaandika Moraa. Tukapigwa risasi.

"Moraa! Wewe ni jasusi!"

"Lakini ameniuliza."

"Si unampa jina la pasipoti? Liko kwenye mkoba, tumelisoma sasa hivi."

"Hilo si langu."

"Ndiyo! Hilo ndilo jina la yule mtu. Hatukuulizwa mimi na wewe, ameulizwa yule mwenye kofia."

Nililifikiria hilo kutwa nzima, nikiosha vikombe. Siku iliyofuata nikakubali kwamba askari alikuwa akizungumza na yule mtu wala si mimi, na kwamba jina lile lilikuwa lake. Tukapita. Nimeeleza jambo hili dogo kwa sababu lilirudi baadaye, na kwa sababu Kipng'eno alilisimulia kila tulipokutana maishani, kila mara akiongeza idadi ya risasi.

Basi tukaendelea. Miezi mitatu ilitufikisha kwenye lile jengo. Tulikula huko huko juu ya magunia, ugali wangu na managu, mboga chungu za kwetu, kwenye bakuli la bati, na chupa yake ya mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichopakwa masizi, aliyoletewa kutoka Ndanai kila Jumatatu. Siku ya kwanza aliyonimiminia niliona yale madoa ya kijivu nikasema moyoni kwamba haya yatanitoa roho. Nilikunywa yote, machozi yakinilengalenga, na aliponiuliza kama naongeza nikasema ndiyo. Mwisho wa mwaka nilikuwa nayadai mwenyewe. Nje, kwenye mfereji, wanawake waliosha aproni zao na sauti zao zilitufikia vizuri kabisa. "Wanafanya nini humo ndani?" mmoja angeuliza. "Wanasoma." "Kusoma gani kwa kucheka hivyo?" Watu walisema mengi. Hakukuwa na kitu kati yetu cha namna hiyo. Kama kingekuwepo ningekisema hapa, maana wote waliokuwa wa kuumia wameshaondoka au wameshazeeka. Mzee Sigei, yule karani mkuu, alikuwa akipita mlangoni mikono nyuma, anaingiza kichwa na kuuliza, "Leo mmekufia wapi?" Tunamwambia. Anatikisa kichwa. "Na juzi?" "Hapo hapo." "Nyinyi mngekuwa wachumaji wangu ningewahamisha mstari."

Ghorofa ya tatu ilikuwa hivi. Unapanda ngazi, unagonga, na mzee mwenye miwani anakufungulia. Chumba chake kina moto na viti viwili. Anakuambia uketi. Anazungumza juu ya baridi. Anakumiminia chai. Ukinywa, anakuonyesha ukumbi mrefu, na mwisho wa ukumbi ndipo ulipo ule mlango. Unaanza kutembea. Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, maandishi yanasema unasikia kizunguzungu. Ya nne miguu haikushiki, na mbele ya mlango, mkono ukiwa karibu kufika kwenye kitasa, unaanguka na kazi imeshindwa. Mara ya kwanza tulipofika kwa yule mzee na Kipng'eno akasoma kwamba anatuwekea chai, tulifurahi kama watu waliokutana na jirani ugenini.

"Unajua hiyo imetoka wapi?" akaniuliza. "Kule kwao haimei. Hiyo imetoka hapa hapa. Pengine umeichuma wewe."

"Basi tunywe tuone kama wameiharibu."

"Wameuziwa vumbi tu, majani mazuri yamebaki njiani. Andika, kunywa chai."

Nikaandika. Tukafa.

Tangu siku hiyo, karibu nusu mwaka, tulitafuta kinachotuua. Kipng'eno alikuwa na akili ya kutafuta, na ninapomkumbuka ndiyo ninayoikumbuka kwanza: alivyoinamisha kichwa upande mmoja, kalamu mdomoni, kama mtu anayesikiliza ukuta. Alisema ni kitasa, kimetiwa umeme. Tukarudi kutafuta glovu katika duka la mtaa wa chini, siku tatu zikaenda, tukavaa, tukafa. Akasema ni njaa, yule mtu tangu ashuke garini hajala, na baridi ile. Tukamnunulia mkate, akala, akafa ameshiba. Akasema ni haraka, tukatembea polepole. Akasema ni adabu, tumeingia kwa mzee wa watu bila salamu kamili. Tukamsalimu mzee, tukamuuliza habari za nyumbani, mashine ikasema mzee anatikisa kichwa. Tukaongeza shukrani. Kila siku, baada ya kunywa, niliandika kwa Kiingereza asante kwa chai, kisha nikaenda kufa ukumbini. Kipng'eno alikuwa na daftari la majaribio, na aliandika kila kitu kilichofanywa na yule mtu tangu kituoni: alivaa nini, alipita upande gani wa barabara, aligonga mara ngapi. Nililisoma mara nyingi. Chai haikuandikwa hata siku moja. Hatukuificha. Ilikuwa kama kuandika kwamba alipumua.

Mwisho wa mwaka, shule zilipofungwa, vijana wa kwao walikuwa wanatoka jandoni, mdogo wake akiwa mmoja wao, na Kipng'eno akaomba ruhusa ya wiki moja. Wiki hiyo hiyo kanisa letu lilikuwa na maombi ya kufunga, siku tatu, kuanzia alfajiri mpaka jua lizame. Kufunga kwa mtengeneza chai ni kazi. Nilichemsha sufuria mbili bila kuonja, nikamwomba Mzee Sigei anionjee sukari, na yeye akachukua kazi hiyo kwa moyo wote, akaonja mara nne. Kila nilipopita niliitwa. Mama wa zahanati, "Moraa, njoo unywe chai." Nimefunga. Dereva wa trekta, "Dada, kikombe kimoja." Hapana, nimefunga. Walinitazama kama mtu aliyeamka amekonda. Mpaka siku ya pili adhuhuri nilikuwa nimesema hapana kwa chai mara nyingi kuliko maisha yangu yote yaliyotangulia.

Adhuhuri hiyo nilikwenda kupanguza vumbi kwenye kile chumba. Nataka kusema kwamba ndicho nilichokwenda kufanya, na nilikuwa na kitambaa mkononi. Lakini Kipng'eno aliponiachia ufunguo alinikumbusha agano letu, na nilimwitikia nikimtazama machoni, na nilipoupanguza ule uso wa kioo nilikuwa najua nitakachofanya. Sikuwa na njaa ya chakula tena. Nilikuwa na njaa ya kujua. Nikaiwasha, nikaketi mahali pangu, nikaacha gunia lake wazi. Kituo, askari, jina la pasipoti, mtaa wa chini, ngazi. Kwa Kiingereza changu kidogo nilikuwa nayajua maandishi yote kwa moyo. Mzee akafungua. Akaniambia niketi. Akanimiminia chai.

Vidole vilikuwa vimeshaanza kuandika. Nikavizuia. Najua itasikika kama upuuzi. Nilikuwa nimeshakubali zamani kwamba yule mwenye kofia si mimi, jina lake si langu, na kinywa chake si changu. Lakini nilikuwa nimefunga, na tangu jana nilikuwa nimekataa chai za watu wenye nyuso, wanaonipenda, kisha nije nikubali hii ya mzee wa mistari ya kijani kwa kuwa hakuna anayeniona? Niliona nitakuwa mnafiki. Nikafuta. Nikaandika hapana. Mashine ikakaa kidogo, ikinguruma kama ilivyozoea, halafu yakatoka maneno ambayo sikuwahi kuyaona. Niliyasoma moja moja. Mzee anakutazama kwa muda mrefu. Anarudisha birika mezani. Nikasimama, nikaingia ukumbini. Hatua ya kwanza, ya pili. Ya tatu, hakuna kizunguzungu. Ya nne. Nikafika mlangoni nikiwa na miguu yangu yote miwili, nikaandika fungua mlango, na mlango ukafunguka.

Nitaeleza kilichokuwa ndani mahali pake. Hapa niseme tu kwamba nilifurahi kwa muda wa kuchemsha kikombe kimoja cha maji, kisha nikatazama lile gunia lililokuwa tupu nikajiona kama mtu aliyekula fungu la mwenzake kwenye bakuli moja.

Kipng'eno alirudi Jumatatu, na mursik, na nyama iliyokaushwa kwenye jani la mgomba, na wazo. Alikuwa ameliwaza wiki nzima, hata vijana walipokuwa wanavishwa mashada ya kutoka jandoni. "Viatu!" akaniambia kabla hajaketi. "Moraa, tumeingia kwa mzee na viatu vya matope, tukapita kwenye zulia lake. Kuna kitu kwenye zulia. Leo tunavua." Alikuwa anang'aa. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, nilikuwa nimeyapanga kuanzia Jumapili. Nikasikia nafsi yangu ikisema, "Haya, tuvue." Tukavua. Mzee akamimina. "Andika kunywa chai," akasema, bila hata kunitazama, akiwa ameinama juu ya daftari. Nikaandika. Jumanne tukavua viatu na soksi. Jumatano tukaruka zulia. Siku tatu, mara tatu, nilimuua yule mtu nikijua. Alhamisi asubuhi pikapu ikaja kuchukua vifaa vyote vya zamani, na niliona kompyuta ikiondoka imefunikwa gunia, kamba kifuani, kama mgonjwa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyamaza. Niliogopa kusema kwamba nilivunja agano, hilo ni la kwanza. Lakini kuna la pili, na nimechukua miaka kulikubali. Nilipenda kuwa na kitu ambacho yeye, wa kidato cha nne na wiki sita za kompyuta, hakuwa nacho. Nilipenda kumsikiliza akikosea. Halafu kompyuta ikaenda, na kila mwaka uliopita ulifanya jambo lenyewe kuwa gumu zaidi kulisema na jepesi zaidi kuliacha. Yeye akaacha kazi, akafungua duka Silibwet la mbolea na mabati, akaoa. Mimi nilibaki shambani mpaka nikastaafu. Tulikutana kwenye harusi, kwenye matanga, sokoni Ndanai wakati mmoja katikati ya mbuzi, na kila mara, baada ya habari za watoto, alishusha sauti akasema, "Yule mzee alitulemea." Nami nikasema, "Ndiyo, alitulemea." Mimi niliyekataa kumdanganya askari wa kuchorwa.

Mwaka huu nikasikia amelazwa hospitali ya misheni Kaplong, saratani ya koo. Nilikwenda siku ya Jumanne. Mke wake, Mama Chepkirui, mwanamke mpole mwenye mikono isiyotulia, alikuwa ameketi kando ya kitanda na chupa ya chai na vikombe vitatu kwenye kikapu. Alinimiminia kabla sijaketi. Akammiminia na mumewe, ingawa alikuwa akimeza kwa kijiko tu na kwa uchungu, kwa sababu kuna mgeni, na mgeni hanywi peke yake. Kipng'eno alikishika kikombe kwa mikono miwili na kukigusisha mdomoni mara kwa mara. Tulizungumza. Akashusha sauti, iliyokuwa imeshashuka yenyewe, akaanza, "Yule mzee..."

"Kipng'eno," nikasema. "Mimi nilimaliza."

"Ulimaliza nini?"

"Ule mchezo. Ile wiki ulikwenda Ndanai. Niliufungua bila wewe."

Nilimwona akihesabu kurudi nyuma. "Na nilipokuja na mambo ya viatu?"

"Nilikuwa najua."

Akageuka akatazama ukuta. Mama Chepkirui alidhani ni maumivu, akasimama amwite muuguzi, na yeye akamzuia kwa mkono. Nilikuwa nimeshika kikombe changu na sikujua pa kukiweka. Kisha akauliza, bado akitazama ukuta, "Mlango ulifunguka?"

"Ulifunguka."

"Kumbe unafunguka." Akageuka. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja, kama zamani. "Tulikosea wapi?"

Nikafungua mdomo. "Ngoja!" akasema. "Usiniambie. Nimeishi nalo miaka yote hii, halafu uniambie hivi hivi tu, kama tangazo la mkutano? Mimi nitasema, wewe utajibu bado au ndiyo."

Kwa wiki tatu alinitumia ujumbe kwa simu. Kufunga dirisha la mzee? Bado. Kuvua kofia? Bado. Kugonga mara moja badala ya tatu? Bado. Mama Chepkirui alinipigia akauliza, "Mnaandikiana nini nyinyi wazee? Jana daktari alikuwa anamweleza dawa, yeye anamuuliza kama watu wa Ulaya wanavua kofia ndani ya nyumba." Nilijua kwamba hatakisia. Nilijua pia, kwa namna ujumbe ulivyozidi kuwa mfupi, kwamba muda haukuwa mwingi. Nilitaka kumwambia. Lakini alikuwa ameniomba, na agano la pili sikutaka kulivunja kama la kwanza.

Jumanne ya nne alikuwa amekonda sana, macho tu ndiyo yalikuwa yake. Mama Chepkirui akafungua kikapu kama kawaida. Akamimina changu. Akamimina cha mumewe, akamletea. Kipng'eno alikitazama kile kikombe, mvuke ukipanda, na mikono yake haikuinuka kukipokea.

"Wacha, mama," akasema. "Sitaki chai."

Mkewe akabaki amesimama pale pale, kikombe mkononi. Nadhani katika ndoa yao yote hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Kwenye kitanda cha pili mtu aligeuka kutazama. Mimi nilitazama chini, kwa sababu nilijua maana yake, na Mama Chepkirui alijua, na hatukutaka tuonane machoni. Ndipo nikasikia jina langu.

"Moraa."

"Ee."

"Ilikuwa chai?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaanza kucheka. Ilikuwa mbaya kuitazama, alijishika shingo kwa maumivu, machozi yakimtoka, na hakuacha. "Chai!" akasema. "Chai yetu wenyewe! Sasa ni nani angekataa?"

"Mimi nilikuwa nimefunga."

Akacheka zaidi, akapiga shuka kwa kiganja. Mama Chepkirui akatutazama mmoja mmoja kama watu waliorukwa na akili, naye akacheka kidogo bila kujua sababu. Alipopata pumzi akaniuliza kilichokuwa ndani. Nikamwambia: meza, kiti, dirisha lenye theluji nje. Karatasi iko kwenye saraka, unaichukua. Kisha maandishi yanasema kazi nzuri, keti, ngoja maagizo.

"Halafu?"

"Halafu basi. Yanabaki hapo."

"Na wewe ukangoja?"

"Mpaka king'ora cha saa nane."

"Moraa wewe," akasema, akafumba macho akitabasamu. Nilidhani amelala. Kisha akasema, polepole, "Zile siku tatu za viatu nimekusamehe. Ile ya kufungua bila mimi," akasita, akavuta pumzi, "bado."

Alikufa Jumapili iliyofuata. Lakini siku ile, alipolala kweli, Mama Chepkirui alikuwa bado amekishika kikombe chake, hajui airudishe chai kwenye chupa au afanye nini, nayo tayari imeanza kuweka utando juu. Nikanyoosha mikono yote miwili. Akanipa. Nikainywa ile chai ya Kipng'eno yote, mpaka majani ya chini.